Wanawake wa mwanzo wa filamu na jukwaa: ni maisha ya nani yanafaa kuigizwa na wanafunzi?

Mwalimu wa Temeke

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Temeke, na ndiye mlezi wa klabu ya sanaa. Mwaka huu wanafunzi, wengi wao wasichana, wameomba wenyewe kwamba onyesho la kufunga muhula lisiwe tena igizo la kuonya juu ya mimba za utotoni, bali liwe juu ya wanawake walioanzisha kazi ya filamu na ya jukwaa. Wazo nimelipenda. Tatizo ni kwamba orodha ninazozipata mtandaoni zinafanana kama zimenakiliwa: majina ya Wamarekani na Wafaransa, na kila jina limepachikwa sifa ya kuwa "wa kwanza", hata wanafunzi wakaniuliza inawezekanaje watu watano wote wakawa wa kwanza katika jambo lilelile.

Naomba msaada katika mambo matatu. Ni mwanamke gani ambaye maisha yake yanaweza kuigizwa kwa dakika ishirini hivi bila kugeuka risala? Upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, zama hizohizo, palikuwa na nani? Na hili ndilo lililowakera zaidi wanafunzi: kama wanawake hao walifanya mambo makubwa kiasi hicho, kwa nini majina yao ni mageni kwetu? Ukumbi wetu ni bwalo lenye jukwaa la saruji. Umeme upo, lakini projekta ni ya kuazima na haina uhakika.

Msomaji wa Upanga

Mwalimu, heshima yako. Nitaanza na swali la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokusaidia kuchagua mtu wa kuigizwa.

Mchukue Alice Guy. Alizaliwa karibu na Paris mwaka 1873, na alipoingia kwa Léon Gaumont alikuwa karani wa barua katika biashara ya kamera na vifaa vya picha. Mwaka 1895 alikwenda pamoja na mwajiri wake kutazama mashine mpya ya kuonyeshea filamu ya ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, akaona picha za wafanyakazi wakitoka kiwandani zikitembea ukutani, akarudi akijiuliza kwa nini chombo kama kile kisitumike kusimulia hadithi. Akamwomba Gaumont ruhusa ya kujaribu na rafiki zake. Gaumont alikubali kwa sharti kwamba kazi ya ukarani isilale. Hapo, Mwalimu, ndipo mimi ningefungulia pazia: msichana ana rundo la barua mezani, bosi anatazama saa yake, na ombi lenyewe linatolewa kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda sokoni.

Filamu yake ya mwanzo ilimwonyesha mwanamke wa kimazingaombwe akiokota watoto wachanga katikati ya kabichi. Kwa maelezo yake mwenyewe aliipiga mwaka 1896, ingawa nakala iliyobaki wataalamu huihesabu kuwa ya 1900, na ubishi wote wa "wa kwanza" umejengwa juu ya tofauti hiyo ya miaka. Wanafunzi wako wameuliza vizuri, na ningewashauri waiache kabisa sifa hiyo, kwa kuwa makubwa ya mwanamke huyu hayaihitaji. Kufikia mwaka 1906 alikuwa msimamizi wa utengenezaji wa filamu za Gaumont, na mwaka huohuo alitoa filamu ya maisha ya Yesu yenye sehemu 25 na waigizaji wa ziada wapatao 300, wakati filamu nyingi zilikwisha kabla mtazamaji hajakaa vizuri kitini. Alikuwa pia amekwisha kuongoza zaidi ya filamu fupi mia moja zilizochezwa sambamba na santuri, miaka ishirini na zaidi kabla ya ulimwengu kuanza kuzishangilia filamu za sauti. Aliolewa na Herbert Blaché mwaka 1907, wakahamia Marekani, na mwaka 1910 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Solax. Katika studio aliyoijenga Fort Lee, New Jersey, mwaka 1912, alitundika bango kubwa la kuwaagiza waigizaji wawe kama walivyo, wasijitie mbwembwe. Wanafunzi wenye tabia ya kupayuka jukwaani nao wangefaidika na bango hilo.

Kisha biashara ya filamu ikahamia Hollywood, ndoa ikavunjika, kampuni ikafa, na mwaka 1922 akarudi Ufaransa na watoto wake wawili. Hakupata kazi. Mwaka 1927 alivuka tena bahari kwenda kuzitafuta filamu zake, akafika hadi Maktaba ya Bunge ya Marekani mjini Washington, asipate hata moja. Baadaye waandishi wa historia wakazigawa kazi zake kwa wanaume waliokuwa wasaidizi wake, na ile ya maisha ya Yesu ikahesabiwa kuwa ya Victorin Jasset. Bibi huyu hakunyamaza. Aliketi akaandika kumbukumbu zake, akapanga orodha ya filamu alizoziongoza, na akawaandikia watu barua za kuwasahihisha. Alifariki New Jersey mwaka 1968 akiwa na miaka 94, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1976.

Kwa hiyo, Mwalimu, majina haya ni mageni kwetu kwanza kwa sababu vitu vyenyewe vilipotea. Kanda za zamani zilikuwa za naitreti, ambayo hushika moto upesi na huoza ikiwekwa vibaya, na kampuni nyingi hazikuona faida ya kuzitunza baada ya sauti kuingia. Ripoti ya Maktaba ya Bunge ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu za Marekani zinazokaribia 11,000, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo zilimotolewa. Filamu ikishapotea, jina lililobaki ni lile lililoandikwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo aliandika jina la mwanamume. Jambo jingine ni fedha. Filamu ilipokuwa biashara ndogo ya kubahatisha, milango ilikuwa wazi, na mwaka 1916 Lois Weber alikuwa miongoni mwa waongozaji waliolipwa vizuri kuliko wote pale studio ya Universal. Benki zilipoingia na studio zikawa mashirika makubwa, milango ikafungwa, hata katika miaka ya 1930 Dorothy Arzner akabaki karibu peke yake kama mwongozaji wa kike katika studio za Hollywood. Huyu Arzner ndiye aliyeagiza maikrofoni ifungwe kwenye fimbo ya kuvulia samaki, mwaka 1929, ili mwigizaji Clara Bow aweze kutembea huku akizungumza badala ya kuganda mbele ya chombo alichokiogopa. Kwa jukwaa lako, tukio hilo peke yake ni dakika tano za kicheko.

Binti wa Ng'ambo, Kariakoo

Mwalimu, shikamoo. Yote aliyoyasema kaka wa Upanga nayakubali, lakini nashangaa tumezunguka Paris na New Jersey kabla ya kuvuka kwenda hapo Unguja tu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika ukoo maskini, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu kama mama yake, akavibeba kichwani na kuvitembeza akinadi, na watu waliisikia sauti kabla ya kumwona mwenye vyungu. Aliingia mjini mwaka 1911, bila elimu ya kusoma wala kuandika, akafundishwa kuimba pamoja na ala, na baada ya muda akawa anaalikwa katika nyumba za wakubwa ambako zamani angeingilia mlango wa uani. Mwaka 1928 alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, jambo ambalo hapakuwa na mwimbaji wa Afrika Mashariki aliyelifanya kabla yao. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya watawala ikawa inasikika kwa Kiswahili katika migahawa na vibaraza vya pwani nzima, Dar es Salaam ikiwemo, popote palipokuwa na gramafoni.

Naomba wanafunzi wasimfanye mtakatifu. Watu walimdhihaki kwa nyimbo, wakimkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini na kusema kwamba hana uzuri wala nasaba, na yeye alijibu kwa nyimbo, kwa ustadi wa kujibizana ambao watoto wa Temeke wanaujua vizuri sana. Tena hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni, muuaji aliyekimbilia bara, na wanawake walioandamana na marehemu ambao ndio waliobebeshwa lawama mbele ya sheria. Ukitaka dakika ishirini za kuigiza zenye mvutano, hizo hapo. Wimbo unaimbwa upande mmoja wa jukwaa, kesi inaendelea upande wa pili, na hakimu haonekani hata mara moja bali anasikika tu.

Kuhusu hoja ya kutunza kumbukumbu, Siti alikuwa na bahati ambayo Alice Guy hakuwa nayo. Santuri zake zilienea mikononi mwa watu wengi mno kiasi cha kutoweza kupotea zote, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu unaosomwa mpaka leo. Alifariki mwaka 1950. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipotoa jarida lake kililiita Sauti ya Siti.

Mzee wa Foleni ya Avalon

Marahaba kwa wote mlioamkia. Mwanangu Mwalimu, sisi tuliokuwa tukipanga foleni kwenye majumba ya sinema ya Avalon, Empire na Odeon tulikua na filamu za Kihindi kuliko za nchi nyingine yoyote, na ni ajabu kwamba hadi sasa hakuna aliyewataja wanawake wa Bombay.

Mwanzoni hawakuwapo kabisa. Katika filamu ya Raja Harishchandra ya mwaka 1913, malkia aliigizwa na mwanamume aliyeitwa Anna Salunke, kwa sababu hakuna mwanamke aliyekubali kusimama mbele ya kamera. Ilikuwa kazi ya aibu, ya watu wasio na kwao. Filamu iliyofuata ya mtengenezaji yuleyule, mwaka huohuo, ndiyo iliyomleta Durgabai Kamat pamoja na binti yake Kamlabai, mama akiwa mtu aliyeachana na mumewe na mwenye mtoto wa kulea. Kabla hamjawahukumu Wahindi kwa hilo, muulizeni msichana yeyote wa hapa mjini aliyemwambia baba yake kwamba anataka kuwa mwigizaji.

Miaka michache baadaye alitokea Fatma Begum. Alitoka kwenye jukwaa la maigizo ya Kiurdu, akaingia katika filamu mwaka 1922, na mwaka 1926 akawa na kampuni yake mwenyewe na kuongoza Bulbul-e-Paristan, filamu ya mazingaombwe. Binti zake watatu, Sultana, Zubeida na Shehzadi, wote walikuwa waigizaji, na Zubeida ndiye aliyekuwa nyota wa Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti. Sasa sikia hasara: filamu ya mama haipo, na Alam Ara ya binti haipo. Zimebaki picha za mnato na matangazo ya magazeti.

Misri nako, kwa kuwa watu wa pwani walizipenda mno filamu zake, mkumbukeni Aziza Amir, aliyeifadhili na kuiigiza Laila ya mwaka 1927. Waongozaji waliposhindwana naye alimwondoa mmoja akamleta mwingine, na filamu ikatoka.

Kijana wa Sinza

Kwa heshima zote kwa wakubwa zangu, nina pingamizi. Mwalimu ana dakika ishirini, na wanafunzi wake wanasoma tamthilia za Kiswahili. Kwa nini waanze na watu ambao hata kuyatamka majina yao itakuwa taabu, wakati waliojenga jukwaa letu walifanya kazi hapahapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972, akafuatia na Heshima Yangu, Pambo na nyingine, na katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 aliwaweka jukwaani wanawake wa kijiji wakihangaika kuisimamisha nguzo moja huku kila mmoja akivutwa na shida za nyumbani kwake. Mwaka huohuo yeye, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walitoa kwa pamoja Harakati za Ukombozi. Profesa Lihamba ameandika, ameongoza, amefundisha, na ndiye aliyeonekana katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Katika filamu za kumbukumbu tunaye Flora M'mbugu-Schelling, aliyepeleka kamera kwa wanawake wanaoponda kokoto nje ya jiji hili, mwaka 1992, na akaacha mikono yao na nyundo viseme karibu bila maelezo ya msimulizi.

Kama hoja ni kutunza kumbukumbu, tuanze na kumbukumbu zinazoweza kutunzwa leo. Waigizaji wa kike wa michezo ya redio na wa vikundi vya sanaa vya miaka ya 1970 na 1980 wengine bado wako hai katika mitaa yetu. Simu ya mwanafunzi inatosha kurekodi saa nzima ya mazungumzo.

Msomaji wa Upanga

Pingamizi lako lina uzito, mdogo wangu, ila halijibu swali lililoulizwa. Wanafunzi walitaka kujua juu ya walioanzisha, na kizazi cha Mlimani kilikuta tayari kuna filamu, redio na vitabu. Wazo lako la kurekodi, hata hivyo, naliunga mkono kwa mikono miwili, kwa sharti kwamba wanafunzi waandike jina kamili, tarehe na mahali mwanzoni mwa kila rekodi. Alice Guy alipokwenda Washington hakushindwa kwa kukosa umaarufu. Alishindwa kwa sababu hapakuwa na kitu kilichowekwa chini ya jina lake.

Fundi Pazia

Mwalimu, mimi kazi yangu ni taa na mapazia, kwa hiyo nitajibu kwa kuangalia bwalo lako. Usihangaike na projekta. Mwigizeni Lotte Reiniger.

Alizaliwa Berlin mwaka 1899, na kazi yake yote ilikuwa mkasi. Alikata watu, farasi, miti na majumba kwenye karatasi nene nyeusi, akaunganisha viungo kwa waya mwembamba, akatia vipande vyembamba vya risasi ili mwili ulale sawa, kisha akavilaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake na kamera juu yake. Anausogeza mkono kidogo sana, anapiga picha moja. Anausogeza tena, anapiga nyingine. Kwa namna hiyo, kuanzia mwaka 1923 hadi 1926, yeye na mumewe Carl Koch na wasaidizi wachache, wakiwa juu ya gereji ya mfadhili wao huko Potsdam, walitengeneza filamu ndefu nzima juu ya mwanamfalme Ahmed, farasi anayeruka na taa ya Aladini. Hadithi zenyewe ni za Alfu Lela Ulela, ambazo wanafunzi wako hawahitaji kusimuliwa na Mjerumani. Ndiyo filamu ndefu ya vikaragosi ya zamani kuliko zote zilizobaki, na ilimtangulia Snow White ya Disney kwa miaka kumi na moja. Nayo pia iliponea chupuchupu: ukanda wake wa asili ulipotea, na kilichowezesha kuifufua ni nakala iliyokuwa imetunzwa London.

Kwa jukwaa la saruji unahitaji shuka jeupe lisilo na mshono katikati, lililotandazwa na kuvutwa mpaka lisiwe na mkunjo. Taa moja yenye mwanga mkali wa kutoka sehemu moja, kwa sababu mrija mrefu wa darasani hutoa kivuli chenye ukungu. Na karatasi za manila nyeusi. Viungo vifungwe kwa pini za karatasi zenye miguu miwili. Vijiti vya kushikia viwe vya mishikaki, vibandikwe kwa nyuma, na kikaragosi kiguse shuka, maana kikiachana nalo hata kwa kiganja kimoja ukingo wake unafifia. Mwigizaji wa Lotte akae mbele ya shuka, akionekana na mkasi wake, huku vivuli vikicheza nyuma yake.

Mwalimu wa Temeke

Nawashukuru sana nyote, na Mzee nakuamkia, shikamoo. Nimewasomea wanafunzi majibu haya, nao wameamua kwa kura, baada ya mabishano makali. Onyesho litakuwa la Siti binti Saad na wimbo wa Kijiti, kama alivyopendekeza Binti wa Ng'ambo, lakini safari yote ya Fumba, mjini na Bombay itachezwa kwa vivuli kwa mtindo wa Lotte Reiniger, na mwanafunzi mmoja atakayekaa mbele na mkasi ndiye atakayekuwa msimulizi. Alice Guy tumemwekea utangulizi mfupi wa karani na barua zake. Kundi la pili limeanza kuwatafuta waigizaji wa redio wa zamani, kuanzia Mtoni na Mbagala, na masharti ya jina, tarehe na mahali nimeyaandika ubaoni.

Nina swali moja kwa Fundi Pazia. Vyungu alivyobeba Siti kichwani vinaonekana vizuri kwa kivuli, lakini meli ya kwenda Bombay ikikatwa kwa ukubwa unaofaa inamfunika mtu mzima. Tufanyeje?

Fundi Pazia

Kateni meli mbili. Ndogo ipite mbali, juu ya shuka, ikienda polepole mpaka itoke. Kubwa msiikate nzima. Kateni ukingo wa sitaha tu, pamoja na dirisha moja la duara, na Siti asimame nyuma ya ukingo huo akionekana kuanzia kiunoni. Bahari iwe kitambaa chepesi kinachotikiswa na watu wawili karibu na taa, si karibu na shuka, ili mawimbi yawe makubwa. Na taa hiyo isishikwe na mtu. Ifungeni kwenye meza, kwani mkono ukitetemeka bwalo zima litaona tetemeko la ardhi.

Binti wa Ng'ambo, Kariakoo

Na wimbo msiucheze kutoka kwenye simu, tafadhali. Mtafuteni msichana mwenye sauti, mumpe wiki za kutosha kuujifunza kutoka kwenye santuri yenyewe, na mwenye ngoma ya dumbak amkalie karibu. Mimi nina mjomba anayepiga udi hapa Kariakoo. Mkimfuata kwa adabu atakuja bila malipo, ila nauli na chakula mjiandae.